Mnangu Umo Kwenye Rangi Ipi?

Juma lililopita nilikaa kwa muda wa saa tatu katika darasa la shule ya msingi ya kijiji kimoja wilayani Pangani, kijiji ambacho sitakitaja kwa sababu waliokuwamo humo bado wanahitaji kusalimiana asubuhi kisimani, nikisikiliza rasimu ya mpango wa matumizi ya ardhi ikisomwa. Ramani ilikuwa imebandikwa ubaoni juu ya hesabu za kugawanya ambazo mwalimu hakuzifuta, nayo ilipendeza macho: minazi na mikorosho kwa rangi ya machungwa, mikoko kwa zambarau, msitu wa hifadhi kwa kijani kilichokoza, na sehemu kubwa iliyobaki kwa manjano iliyopauka kama kanga ya miaka kumi. Ufunguo wa ramani uliieleza manjano hiyo kwa maneno manne: "vichaka na ardhi isiyotumika."

Mzee mmoja aliyekuwa amebanwa na dawati la mbele, magoti yakikaribia kidevu, aliomba ruhusa ya kuuliza. "Mwanangu," alimwambia mtaalamu, tena kwa upole, "mnangu umo kwenye rangi ipi?" Mnangu ni ule mti mkubwa wa pwani unaotoa utomvu uitwao sandarusi. Mtaalamu akautazama ufunguo, akautazama tena, kisha akajibu kwamba miti mikubwa yote imo kwenye kijani. "Kijani hakifiki nyuma ya kwangu," mzee akasema, "na mnangu upo." Akaelezwa kwamba kwa mujibu wa picha ya setilaiti hapo ni vichaka, mzee wetu, na mkutano ukahamia kwenye suala la josho la ng'ombe.

Nimejaribu kulisahau swali hilo na nimeshindwa, kwa sababu ndilo swali ambalo kila mpango wa kuhifadhi uoto wa asili katika mkoa huu wa Tanga unapaswa kulijibu kabla haujachapisha orodha ya maeneo ya kupewa kipaumbele. Orodha hizo hupanga kwa uadilifu kabisa vitu vilivyokwisha kupewa majina: msitu huu kwanza, ule wa pili, mikoko ya tatu. Jamii ya mimea ambayo ramani haikuipa jina haishiki hata nafasi ya mwisho. Haiwezi kuwa hatarini, kwa kuwa kwenye karatasi haijazaliwa.

Na neno lenyewe "vichaka" halina kosa; kosa liko kwa anayelitumia kama kapu la taka. Kiswahili hiki hiki kina msitu, mwitu, nyika, mbuga, pori, kichaka na koko, na mtu wa pwani anapokwambia kwamba ng'ombe ameingia kokoni hakusudii kwamba ameingia nyikani. (Hata mbwa koko alipewa jina kwa usahihi zaidi kuliko msitu wa nyuma ya mzee yule.) Iweje basi mwenye shahada ya upimaji, akiwa na mashine inayojua alipo duniani kwa tofauti ya mita chache, ayatupe matano kati ya maneno hayo saba na kubaki na mawili, msitu na vichaka?

Nusu ya pili ya maneno yale manne ina madhara makubwa zaidi. Sheria ya Ardhi Na. 4 ya mwaka 1999, inapofasiri ardhi ya jumla, ile isiyo ya kijiji wala ya hifadhi, inaingiza ndani yake ardhi ya kijiji isiyokaliwa au isiyotumika. Sheria pacha yake Na. 5, ya ardhi ya vijiji, haina maneno hayo, na wanasheria wamekuwa wakibishana juu ya tofauti hiyo tangu hapo. Mimi si mwanasheria, lakini najua kwamba kijiji kinachopiga muhuri wake kwenye ramani inayosema "isiyotumika" kimekwisha kumwandikia mwekezaji wa kesho nusu ya barua yake ya maombi. Bibi yangu alivuna ukindu kwenye bonde la kijito ndani ya kichaka cha namna hiyo hadi mwaka aliofariki, na mikeka tuliyokalia katika hitima yake ilitoka humo. Sijui alipaswa kuvuna mara ngapi kwa wiki ili ihesabike kuwa ni matumizi.

Ukubwa wa karatasi nao una sehemu yake katika upotevu huu. Mwaka 1983 UNESCO ilichapisha ramani ya uoto wa Afrika iliyoandaliwa na mtaalamu wa mimea Frank White, kazi kubwa ambayo hadi leo watu huiegemea, na ndani yake pwani yetu yote, kuanzia kusini mwa Somalia hadi mdomo wa mto Limpopo nchini Msumbiji, imewekwa katika fungu moja lililopewa jina la Unguja na Inhambane na kuitwa mchanganyiko. Skeli yake ni moja kwa milioni tano, yaani sentimita moja ya karatasi ni kilomita 50 za ardhi. Mabaki mengi ya misitu ya pwani hayafiki hata kilomita za mraba 20, na kipande chenye upana wa kilomita mbili hukaa kwenye ramani hiyo katika nafasi isiyofika nusu milimita, chini ya ncha ya kalamu ya mchoraji. White hakuwa na namna. Ila sisi tuna picha za setilaiti za Sentinel-2 ambazo kila pikseli yake ni mita kumi kwa kumi, zinazotolewa bure, na bado tunaisoma pwani kana kwamba tumeshika karatasi ile ile.

Hapa ndipo hasira yangu ilipo hasa, kwenye mwaka wa kuanzia kuhesabu. Kanuni za Orodha Nyekundu ya Mifumo Ikolojia zilizopitishwa na IUCN, shirika la kimataifa la uhifadhi wa maumbile, mwaka 2014 zinauliza, pamoja na mengine, jamii fulani ya mimea imepoteza kiasi gani cha eneo lake: ikiwa ndani ya miaka 50 iliyopita imepungua kwa asilimia 30 inahesabiwa kuwa dhaifu, kwa asilimia 50 iko hatarini, kwa asilimia 80 iko katika hatari kubwa kabisa. Watu wetu hulipenda swali hilo la miaka 50 kwa sababu picha za setilaiti za Landsat zinaanza mwaka 1972 na hesabu inafanyika bila kutoka ofisini. Lakini Tanga haikuanza mwaka 1972. Mjerumani Richard Hindorf alileta mkonge mwaka 1893, na miche 62 tu iliyonusurika safari ndiyo iliyozaa mashamba ya Pangani, Muheza na Korogwe; mwanzoni mwa miaka ya 1960 nchi hii ilizalisha zaidi ya tani 200,000 za mkonge kwa mwaka. Mistari ile iliyonyooka hadi upeo wa macho haikupandwa jangwani. Kabla ya mkonge palikuwa na kitu, kikang'olewa na kuchomwa na manamba kwa ujira wa kipande, miongo mingi kabla setilaiti ya kwanza haijapita juu.

Kisha bei ya mkonge ikaanguka, mashamba mengi yakaachwa, na ndani yake pakaota magugu, miti midogo na kila kilicholetwa na upepo na ndege. Sasa fikiria mtaalamu anayelinganisha picha ya miaka ya 1970 na ya leo: anaweza kabisa kukuta uoto umeongezeka! Atapeleka taarifa mkoani kwamba vichaka vya nyanda za chini viko salama na vinapanuka, na hakuna atakayemwambia kwamba amehesabu makaburi akadhani ni nyumba. Kanuni zile zile za IUCN zina swali lingine, la upungufu tangu mwaka 1750, ambapo viwango ni asilimia 50, 70 na 90, na hilo ndilo swali linaloifaa Tanga. Lina kazi nyingi, nakiri. Linadai mtu aende kwenye nyaraka za Wajerumani, kwenye daftari za wakusanya mimea, na kwa wazee.

Na linadai pia mtu atazame chini. Karne ya 19 pwani hii ilisafirisha sandarusi kupitia Unguja hadi Salem, Massachusetts, ikapikwa kuwa vanishi ya kung'arisha samani na magari ya farasi, na sandarusi iliyothaminiwa zaidi haikugemwa mtini bali ilichimbwa ardhini, mara nyingi mahali ambapo hapakuwa na mnangu hata mmoja uliosimama. Bibi alikuwa na kipande chake, alichokiokota akilima mihogo, akakihifadhi kwenye kijaluba pamoja na vifungo na senti za zamani: kilikuwa na rangi ya asali, na uso wake una vipele kama ngozi ya kuku aliyenyonyolewa. Nilikichezea utotoni bila kujua kwamba nimeshika ushahidi. Mnangu haupandi basi kwenda kudondosha utomvu wake katika shamba la mihogo la watu. Palipochimbwa sandarusi palikuwa na msitu wake, hata kama leo pana mihogo, mkonge uliotelekezwa au manjano ya ramani.

Nitaambiwa kwamba fedha ni chache na kwamba misitu ya milima ya Usambara Mashariki ina haki ya kutangulia. Ina haki, sikatai. Msitu wa Amani, ulioko huko, ulitangazwa kuwa hifadhi ya mazingira asilia mwaka 1997, hekta 8,380, na anayeijua hawezi kuionea choyo. Ila hata huko, ramani inayosema kijani hukaa kimya kuhusu kijani hicho ni cha nani, maana mti wa Maesopsis eminii, mgeni aliyeletwa na wakoloni kutoka upande wa Ziwa Viktoria, umejipenyeza kila mahali palipokatwa magogo, na kwa jicho la setilaiti kilele chake ni msitu kama msitu mwingine. Na milima imezoea kupewa sifa hata za wengine. Ua lile la zambarau ambalo Ulaya nzima hulipanga madirishani na Wajerumani huliita urujuani wa Usambara, ambalo Baron von Saint Paul-Illaire, ofisa wa kikoloni wa Kijerumani, alilipeleka kwao kutoka Tanga mwaka 1892, liliota pia katika nyufa za mawe ya chokaa mwendo mfupi kutoka mjini, huku chini kabisa, joto la pwani likivuma.

Kupanga vipaumbele si kupanga walio hodari kuanzia wa kwanza hadi wa mwisho. Kocha wa Coastal Union akipewa nafasi kumi na moja hasajili makipa kumi na mmoja kwa hoja kwamba kila mmoja ni bora kuliko mabeki waliopo. Akishapata kipa, thamani ya kipa wa pili inashuka na ya beki inapanda. Hifadhi nazo ziko hivyo. Msitu wa mlimani wa tano, hata ukiwa mzuri namna gani, unaongeza kidogo kuliko kipande cha kwanza cha msitu wa pwani ambacho ndani yake mna miti isiyoota kokote kwingine.

Wapo watakaonikumbusha mkaa. Ni kweli, mjomba wangu mwenyewe alichoma mkaa, na hakuwa akichagua mti. Lakini mjomba angalau alikuwa akijua jina la alichokikata.

Siku iliyofuata baada ya mkutano mzee alinipeleka nyuma ya kwake. Kutoka barabarani ni vichaka kweli, ukuta wa miba na mitambaazi unaokufika kifuani, kwa sababu pembezoni ndipo panapokatwa kuni. Tukapenya kwa kuinama kama hatua mia mbili, jasho likaanza kupoa, na nilipoinua kichwa nikakuta siwezi kuona mwisho wa shina lililokuwa mbele yangu. Mzee akalikwangua kwa ncha ya panga, akanipa tone lililoganda, gumu na angavu, kisha akanionyesha majani yaliyoanguka, ambayo huota mawilimawili kama jozi ya viatu. "Hawa wa ramani," akasema, "walipita na gari."

Fomu ya maoni ya mwananchi ina mistari mitatu. Tuliijaza tukiwa tumekaa kwenye mzizi, yeye akitaja nami nikiandika: mnangu, mbambakofi, mgude, mvule mmoja uliobaki, mpingo upande wa jua, mbungo uliopanda juu ya yote, mkindu kule kwenye maji. Mistari ikaisha kabla hajafika kwenye miti ya dawa, tukageuza karatasi. Mwisho wa kupokea maoni ni Ijumaa, na nimekwisha kumwomba mtendaji wa kijiji aniachie ile ramani kwa usiku mmoja, pamoja na kalamu ya rangi yoyote isiyo ya manjano.