Bingwa Asiye na Tai

Ukipitia masoko ya mtandaoni ya vitu vya zamani utawakuta wauzaji wanaochana majarida ya wanaume ya Kimarekani ya miaka ya sitini, ukurasa mmoja mmoja. Tangazo la wiski lina bei yake, la gari lina bei yake, la suti yenye kola nyembamba nalo vilevile. Mnunuzi analitia fremu, analitundika kwenye ukuta wa baa au saluni, mambo yanapendeza. Kurasa za maandishi zinabaki pembeni kwa sababu hakuna anayetundika maandishi. Kwa maoni yangu biashara hii imekaa kichwa chini miguu juu. Kinachonunuliwa ndicho kilichokuwa duni kuliko vyote ndani ya majarida yale, na kinachotupwa ndicho kilichoyafanya yastahili kukumbukwa.

Nazungumzia hasa Esquire ya kati ya 1960 na 1964, na kwa kiasi fulani Playboy. Yalikuwepo pia yale ya mikasa, ambayo kila mwezi mtu kifua wazi anapambana na dubu au chui kwenye jalada. Hayo yanachekesha na basi.

Mtazame kwanza mwanaume wa kwenye matangazo. Ana miaka thelathini na kitu, na wala haongezi. Suti imemkaa, glasi mkononi, sigara kwenye vidole. Ripoti ya serikali ya Marekani kuhusu sigara na saratani ya mapafu ilitoka Januari 1964, na hata baada ya hapo kampuni za tumbaku ziliendelea kununua kurasa nzima za rangi. Bwana huyu hana mtoto. Hana mama anayeugua, hana shemeji aliyekuja kukopa na kuamua kulala. Deni halijui. Na karibu kila ukurasa ni mzungu. Ukimtazama kwa makini unaona si mtu, ni orodha ya vitu vya kununua iliyovishwa viatu.

Wala hakuzuka kwa bahati. Esquire ilianzishwa mwaka 1933, katikati ya mdororo mkubwa wa uchumi, na watu waliokuwa tayari wanachapisha jarida la wafanyabiashara wa nguo za kiume. Sehemu kubwa ya toleo la kwanza ilikusudiwa kuuzwa ndani ya maduka ya nguo. Kwa hiyo tai na kofia vilikuwa ndio msingi wa nyumba, na makala zilikuja kupangisha humo.

Sasa fungua toleo la Juni 1962. Gay Talese, kijana wa miaka thelathini, ameandika habari za Joe Louis, bingwa wa dunia wa ngumi za uzito wa juu kuanzia 1937 hadi 1949, aliyetetea mkanda wake mara 25. Mwandishi mwingine angeanzia ulingoni, angepiga kengele, angetupa damu kidogo. Talese anaanzia uwanja wa ndege wa Los Angeles. Bingwa ameshuka kutoka New York, mkewe amekuja kumpokea, na mara tu wanapokutana mke anamuuliza tai yake iko wapi. Bingwa anajitetea kama kijana aliyerudi nyumbani alfajiri: alikesha New York, hakupata muda.

Hebu fikiria maneno hayo yalipochapishwa. Jarida lililozaliwa kwenye maduka ya kuuza tai, lenye kurasa za kumfundisha mwanaume avae nini, linafungua makala na shujaa mwenye umri wa makamo asiye na tai, anayeulizwa na mkewe. Na mke huyo ni mwanasheria, hababaishwi na jina la mtu. Makala inaendelea hivyo hivyo. Louis aliyekuwa anadaiwa kodi inayozidi dola milioni moja, Louis aliyewahi kuingia kwenye mieleka ili apate chochote, Louis anayezeeka kwa utulivu kati ya watu wanaomkumbuka akiwa na nguvu. Hakuna mahubiri, hakuna kumlilia. Unamsikia tu akizungumza nyumbani kwake, na mazungumzo yale yana uzito kuliko takwimu zote za ngumi zake. Tom Wolfe, aliyekuja kuwa mmoja wa majina makubwa ya uandishi wa aina hii, alieleza baadaye kwamba makala hiyo ndiyo iliyomzindua kuwa habari ya kweli inaweza kuandikwa kwa mbinu za hadithi.

Hapo ndipo ninapowashangaa wachanaji. Kwenye jarida moja kuna wanaume wawili: wa tangazo, asiyezeeka, na wa makala, aliyezeeka akaonekana. Wao wanamchukua wa kwanza.

Majalada nayo yana kisa chake, maana hapo wale wanaume wawili waligongana hadharani. Mwaka 1962 mhariri wa Esquire, Harold Hayes, alimkabidhi kazi ya jalada George Lois, mtu wa matangazo kutoka New York. Jalada la Oktoba mwaka huo lilionyesha bondia amelala chali katikati ya ulingo, ukumbi mtupu, watu wote wameondoka. Kaptura ilifanana na ya Floyd Patterson, bingwa wa wakati huo, na jarida lilitoka kabla hajapigana na Sonny Liston. Wengi walimtakia Patterson ushindi kwa kuwa alionekana muungwana, na Liston alijulikana kama mtu aliyejifunza ngumi gerezani. Tarehe 25 Septemba, Chicago, Liston alimaliza kazi raundi ya kwanza, dakika mbili na sekunde chache.

Desemba 1963 Lois akamweka Liston huyohuyo kwenye jalada, amevaa kofia ya Santa Claus, uso umekunjwa kama mtu anayesubiri ulipe deni leo hii. Miezi michache nyuma kulikuwa na maandamano makubwa ya haki za raia Washington, na mwezi Septemba bomu lililipuka kanisani Birmingham, Alabama, likaua wasichana wanne. Katikati ya hali hiyo jarida la wanaume linamletea msomaji mzungu Krismasi yenye uso asiotaka kuuona nyumbani kwake. Watangazaji kadhaa walijitoa. Fedha za wiski na suti ndizo zilizolipia uandishi ule, na fedha hizohizo ndizo zilizokuwa mlangoni zikitishia kuondoka. Mimi humheshimu Hayes kwa jalada hilo kuliko kwa lingine lolote, kwa sababu alijua lingemgharimu.

Playboy, je? Kuna utani wa zamani kwamba mwanaume anayekamatwa nalo husema ananunua kwa ajili ya makala. Kwa matoleo mawili hivi ningemsadiki. Septemba 1962 lilianza mahojiano marefu ya maswali na majibu, na wa kwanza kuhojiwa alikuwa Miles Davis, mpiga tarumbeta wa jazz. Mhoji alikuwa Alex Haley, mtu mweusi aliyekuwa amestaafu baada ya miaka 20 katika kikosi cha walinzi wa pwani cha Marekani. Mei 1963 Haley akamhoji Malcolm X, mpigania haki za Wamarekani weusi. Haley alisimulia kwamba Malcolm hakuamini kabisa kuwa jarida la wazungu lingechapisha maneno yake yalivyo, kisha akashangaa lilipoyachapisha. Sisi huku tunamkumbuka kwa ziara yake ya Dar es Salaam ya Oktoba 1964. Kumbe mwaka mmoja nyuma alikuwa amesemeshwa kwa kirefu katikati ya picha za wanawake uchi. Tawasifu aliyoandika na Haley ilichipukia kwenye mahojiano hayo.

Nikisifu hayo sitaki kufumba macho. Kurasa hizo zilikuwa na mwanamke wa kutazamwa tu, na ucheshi wa wakati ule haukusaidia. Jibu zuri kuliko yote lilitoka kwenye jarida jingine, Show, mwezi uleule wa Mei 1963. Mwandishi wa habari Gloria Steinem aliomba kazi katika klabu ya Playboy ya New York kwa jina la bandia, akavaa lile vazi la kubana lenye masikio na mkia wa sungura, akahudumia wateja, kisha akaandika alichokiona: viatu virefu usiku kucha, makato yasiyoisha, mshahara usiofanana na ule ulioahidiwa kwenye tangazo la kazi. Mtu akikusanya majarida ya wanaume ya miaka ile bila toleo hilo la Show na lile la Juni lililomalizia habari yake, kwangu mimi mkusanyo wake ni nusu, hata kama amejaza rafu tatu.