Video za intaneti ya zamani: tuzifufue au tuache zife

Mwaka 2008 kwenye harusi ya binamu yangu Chamwino, Dodoma, tulirekodi kina mama wakipiga muheme, ile ngoma ya Wagogo, simu ya kubonyeza, video ya 3GP, picha imejaa vidoti utadhani mtama umemwagika, ila ngoma inasikika freshi kabisa na shangazi yangu yupo mbele ngoma kaibana mapajani anacheka. Tukaja mjini intaneti kafe tukalipia saa nzima kuipandisha kwenye tovuti moja ya video. Simu ikaja kuibiwa, tukasema aah si ipo mtandaoni. Tovuti ikafungwa. Shangazi naye katangulia mbele za haki, na hakuna video nyingine yake akipiga ngoma.

Kwa hiyo nisiwadanganye, kwenye huu mjadala wa kutunza vitu vya intaneti ya zamani mi nipo upande wa wanaotunza hata kabla sijasikia hoja.

Na hao watu wamefanya kazi jamani. Yahoo walipoifunga GeoCities 2009, zile kurasa za watu zenye nyota zinazometameta na maandishi yanayokimbia, kundi la kujitolea la Archive Team likawa linadanlodi kabla mlango haujafungwa, mwaka uliofuata wakaachia torenti, yaani nakala ambayo watu wanagawiana wenyewe kwa wenyewe kompyuta kwa kompyuta, ya zaidi ya GB 600. Pale ambapo hakuna aliyewahi ndo balaa: Myspace, ule mtandao wa kijamii wa zamani, 2019 walikiri kwamba wakati wa kuhamisha seva vimepotea vitu watu walivyopandisha kuanzia 2003 hadi 2015, zinakadiriwa nyimbo zaidi ya milioni 50, zilizokuja kupatikana ni kama 490,000, tena kwa bahati tu manake kuna watafiti walikuwa wameshazidanlodi kwa shughuli zao. Haifiki hata moja kwa mia.

Video ndo ngumu zaidi. Ukienda Wayback Machine, ile huduma ya Internet Archive inayotunza nakala za kurasa za zamani, ukaweka linki ya zamani mara nyingi unapata ukurasa, kichwa cha habari, hata komenti, ila pale kati kuna boksi tupu, kwa sababu roboti yao ya kukusanya kurasa ilibeba maandishi na picha wakati video yenyewe ilikuwa inavutwa kutoka seva nyingine kupitia Flash, programu ya kuchezesha video kwenye kurasa enzi hizo, na Flash nayo Adobe waliizika mwisho wa 2020. Nimeliangalia sana hilo boksi.

Sasa kuna jamaa yangu tulisoma naye, leo ni mtumishi kule Mtumba kwenye mji wa serikali, kitambulisho shingoni muda wote. Akaunti ile ile tuliyopandishia ya harusi ilikuwa na video yake kalewa anacheza juu ya meza, shati kichwani. Nilipomwambia natafuta hizi video akasema, "Kaka, hiyo iache ife, mi nina watoto." Nikacheka ila ana hoja. Wakati ule tulijua watazamaji ni sisi sisi kumi, hakuna aliyekubali kuonekana miaka ishirini mbele. Hata Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022 inampa mtu haki ya kuomba taarifa zake zifutwe, ila kama nakala ipo kwenye torenti imesambaa dunia nzima unamwandikia nani barua? Kisha akanikamata pabaya: "Na shangazi ulimuomba ruhusa?" Sikumuomba. Hakujua hata intaneti ni nini.

Gharama za kuhifadhi na hatimiliki zipo pia, ila kwa video ya dakika mbili ya harusi hizo naona ni kelele tu.

Ninachoona mimi kutunza ni kitu kimoja, kuonyesha ni kingine, na ugomvi mwingi unatokea watu wakivichanganya. Google walipofunga Google Video, tovuti yao nyingine ya video, 2011 walitaka kufuta, watu wakapiga kelele, 2012 zilizobaki wakazihamishia YouTube zikiwa za faragha, mwenyewe aamue azifungue au azifute. Kwangu hiyo ndo njia, faili likae kabatini, funguo awe nayo mwenye sura au familia yake. Sema jamaa kanijibu kwamba kabati nalo linavunjwa, na kweli Oktoba 2024 Internet Archive wenyewe walidukuliwa, taarifa za akaunti milioni 31 zikatoka nje. Hapo sina jibu zuri, zaidi ya kwamba kufuta kila kitu kwa kuogopa mwizi mi siwezi kukubali, kwa sababu shangazi harekodiwi mara ya pili.

Juzi usiku huyo huyo jamaa kanipigia. Eti nikiipata ile ya muheme nimrushie WhatsApp haraka, kakumbuka mama yake yupo pale nyuma ya shangazi, kavaa kitenge cha njano. Ile yake ya mezani nikikutana nayo nisiifungue.