Mkamwana aliyeketi sofa moja na baba mkwe

Saluni moja ya Mwanjelwa, jijini Mbeya, Jumamosi mchana. Runinga imetundikwa juu ya kioo na kila kichwa kinachosukwa kimeinuliwa kuitazama. Familia ya kwenye tamthilia imetambulishwa kuwa ya Kinyakyusa: jina la baba linaanza na "Mwaka", na mama ameshataja Tukuyu mara mbili. Mkamwana anatoka chumbani, anaketi sofa moja na baba mkwe, anamnyooshea kidole na kumwambia amechoka kuingiliwa kwenye ndoa yake. Mama mmoja mtu mzima, ambaye nusu ya kichwa chake ilikuwa imeshasukwa, akaushika mkono wa msusi. "Huyo binti hajafundwa," akasema. Akanyamaza kidogo. "Au aliyeandika ndiye hajafundwa." Kijana aliyekuwa akimsubiri dada yake akamjibu kwa heshima: "Mama, ni maigizo tu hayo."

Maneno yale hayajanitoka kichwani. Jibu la yule kijana ndilo jibu ambalo watengenezaji wa tamthilia huwapa watazamaji wa Nyanda za Juu Kusini kila wanapolalamika, na si jibu la kubeza. Tamthilia inayorushwa siku kadhaa kwa wiki inakula maneno kama mashine ya kusaga inavyokula mahindi. Mwandishi hana miezi ya kuzunguka Rungwe akiuliza wazee. Ana siku chache, na nyuma yake kuna muswada wa wiki ijayo unaosubiri. Picha zinapigwa Dar es Salaam kwa sababu waigizaji, taa na nyumba za kukodi viko huko. Kulileta kundi zima Tukuyu ni zaidi ya kilomita 800 za barabara, kisha unafika kwenye mojawapo ya sehemu zenye mvua nyingi kuliko zote nchini, ambako ikishuka juu ya bati hakuna kinasa sauti kitakachosikia mwigizaji anasema nini.

Kuna hoja nyingine nzito zaidi ya fedha. Nchi hii imejengwa kwa Kiswahili na kwa kuogopa ukabila, na mwandishi anayeepuka kuzama katika mila za kabila moja mara nyingi anafanya hivyo kwa nia njema. Anataka hadithi yake ieleweke Mtwara na Bukoba kwa pamoja. Akiweka mambo ya ndani ya Wanyakyusa, mtu wa Tanga atauliza ya kwetu yako wapi.

Na watazamaji nao wana makosa yao, tena makubwa. Wapo wanaomtukana mwigizaji njiani kwa ubaya wa mtu aliyemwigiza, hata dada wa watu akashindwa kwenda sokoni kwa amani. Wapo wanaopima uigizaji kwa machozi peke yake: aliyelia ndiye anajua, asiyelia hajui, wakati uso uliojizuia kulia ni kazi ngumu zaidi. Wanalalamika hadithi inavutwa, na siku ikifika mwisho wanalalamika imekatwa. Mtengenezaji akisikiliza kila sauti hatapiga picha hata moja.

Yote hayo nayakubali. Lakini mtazamaji wa huku ameeleweka vibaya, na kosa limeanzia kwenye neno analolitumia. Akisema "huyu hajui kuigiza", watu hudhani analaumu uso na sauti ya mwigizaji. Mara nyingi analaumu maneno aliyopewa. Ndugu wawili wanakutana baada ya miaka mingi, na mmoja anasema: "Wewe ni kaka yangu wa tumbo moja, na unajua baba alipofariki alituachia lile shamba la Uyole." Nani anaongea hivyo na kaka yake? Kaka analijua shamba, amelilima. Maneno yale yametungwa ili mimi niliye kwenye kochi nijue, na mwigizaji anabaki ameyashika kama mtu aliyepewa barua isiyo yake aisome kwa sauti. Mtazamaji anasema "anaigiza kama anasoma". Hapo amepatia kabisa, ila lawama imemwangukia asiyestahili.

Kwa muda mrefu katika filamu na tamthilia zetu imekuwa kawaida mwigizaji kupewa mkondo wa tukio tu, maneno akajitafutia mwenyewe. Njia hiyo ina baraka zake. Wengi wetu tunawakumbuka Kaole, kundi lililomkuza marehemu Steven Kanumba, ambao walipokuwa wakionekana ITV mwanzoni mwa miaka ya 2000 ulisikia watu wakiongea, si wakikariri. Ila mtu akiambiwa ajitafutie maneno, atayachota kwenye maisha anayoyajua. Aliyekulia Kinondoni akipewa nafasi ya mjomba kutoka Kyela, atamleta mjomba wa Kinondoni aliyebadilishwa matamshi.

Matamshi hayo ndiyo yanayowaudhi watu kuliko yote. Mwigizaji anachukua kila r anaigeuza l, basi, Mnyakyusa amepatikana. Ni kweli Kinyakyusa hakina r. Lakini kina irabu saba, mbili zaidi ya za Kiswahili, na mtu aliyekua na irabu hizo kinywani hubana na huvuta maneno kwa namna ambayo kubadili herufi moja hakuwezi kuifikia. Kisha huyo Mnyakyusa wa l anapewa Mbeya nzima aikalie. Jiji la Mbeya limekaa kwenye ardhi ya Wasafwa. Wanyakyusa kwao ni Rungwe na Kyela, Wasangu wako Usangu, na Wanyiha wako Mbozi, ambako tangu 2016 ni mkoa wa Songwe. Ukitaka kumsikia mzee wa Kisafwa akikasirika, mwambie yeye ni Mnyakyusa kwa kuwa anatoka Mbeya.

Haya bado ni madogo. Kubwa kwangu ni dada wa kazi.

Huyu katoka "Iringa". Awe Mhehe, awe Mbena wa Njombe, ambayo ni mkoa wake tangu 2012, awe Mkinga wa Makete, kwenye tamthilia wote ni wa Iringa na wote kazi yao ni moja. Anaogopa friji. Anajibu asiloulizwa. Anapika ugali akaambiwa apike wali. Anaingia sebuleni wakati mbaya, anafukuzwa, watu wanacheka. Watengenezaji wanasema hawakumzua, na hilo ni kweli: wasichana wengi wa huku wameenda na wanaenda Dar kufanya kazi za ndani. Wanaongeza kwamba hadithi nzito inahitaji mtu wa kupumzisha watazamaji, na hilo nalo ni kweli.

Swali langu kwao ni la kiufundi. Katika nyumba ile yenye siri saba, nani anazijua zote? Mume anamficha mke, mke anamficha mume, mtoto anawaficha wote wawili, na kuna binti mmoja anayefua nguo za kila mtu, anayefungua mlango saa nane za usiku, anayejua nani hakula na nani alitapika asubuhi. Huyo ndiye mtu mwenye hadithi kuliko wote waliomo ndani ya nyumba, naye ndiye mwandishi amempa sentensi nne na friji ya kuogopa. Wanawake wa Mafinga na Kilolo wanaosema "mbona huyu dada hana akili hata kidogo" wanamwambia mwandishi kwamba ameacha chakula chungu kizima kwenye jiko akaenda kuomba kwa jirani.

Hapo ndipo "ni maigizo tu" inaponishinda kabisa. Sisi huku tulifundishwa kusikiliza mchezo kabla ya kuutazama. Runinga ilianza Tanzania Bara mwaka 1994. Kabla yake, na kwa wengi miaka mingi baada yake, mchezo ulikuwa wa redio, sauti tupu, na sauti ikidanganya hakuna uso wa kuiokoa. Mwaka 1993 Radio Tanzania Dar es Salaam ilianza kurusha Twende na Wakati, mchezo uliokusudiwa kufundisha uzazi wa mpango na kujikinga na UKIMWI. Ndani yake alikuwamo Mkwaju, dereva wa lori mwenye wanawake wengi, na mkewe Tunu, ambaye polepole alijifunza kusimama mwenyewe. Kabla ya kuandika, wananchi waliulizwa wanaishije na wanaaminije. Sisi tunaokaa kando ya barabara ya Zambia hatukuhitaji kufafanuliwa dereva wa lori ni nani. Mkwaju tulishamwona ameegesha Makambako.

Kilichonigusa zaidi katika historia ya mchezo ule ni Dodoma. Toka 1993 hadi 1995, eneo lililohudumiwa na mtambo wa Dodoma halikurushiwa mchezo huo, kwa makusudi, ili watafiti walinganishe waliosikia na wasiosikia. Kulikosikika, matumizi ya uzazi wa mpango yalipanda kuliko Dodoma. Mchezo ulipofika Dodoma baada ya hapo, na huko yakapanda. Mara nyingi hurudia kuifikiria picha hiyo: nchi moja, zahanati za aina moja, na tofauti inaletwa na watu wa kubuni wanaoongea redioni mara mbili kwa wiki. Mwanamke anamsikia Tunu, anazima redio, na kesho yake anakwenda kliniki. Hakuna aliyemwambia kwamba Tunu ni maigizo tu.

Atakayenijibu kwamba mchezo ule uliandaliwa kwa ajili ya kufundisha, wakati tamthilia ya jioni ni ya kuburudisha, ana haki. Sidai kwamba dada wa kazi wa kuchekesha ana nguvu ya Tunu, wala sina kipimo cha kulinganisha. Nauliza tu nguvu ile ilikuwa imekaa wapi. Haikukaa kwenye nia ya wizara. Mafunzo mengi ya nia njema yamepita redioni tukiyasikia na kuyasahau. Ilikaa kwenye mtu aliyeandikwa kwa ukweli hata msikilizaji akamchukua akaenda naye nyumbani. Kama mtu wa kubuni anaweza kuingia nyumbani kwa njia hiyo, basi yule binti anayeogopa friji naye anaingia. Anaingia Dar kwa mama mwenye nyumba anayemsubiri msichana ashuke kwenye basi la Iringa, na anaingia Makete kwa binti wa miaka kumi na minane anayefunga begi. Mmoja anajifunza atarajie nini, mwingine anajifunza ataonekanaje. Kwa nini watu wa Makete haohao, ambao maduka yao yamejaa Mwanjelwa, Makambako mpaka Kariakoo, hawaonekani kwenye tamthilia wakihesabu mzigo?

Narudi kwa yule mkamwana. Kwa asiyejua: kwa Wanyakyusa mkamwana humwepuka baba mkwe. Hakai naye, hamtazami usoni, njia wakikutana yeye ndiye anayejificha. Mijini mila hiyo imelegea sana, na vijana wengi wa Mbeya hawaifuati. Mtetezi wa tamthilia anaweza kusema mwandishi ameonyesha mkamwana wa kisasa anayeivunja. Ingekuwa hivyo ningempigia makofi, maana mila ile iliwabebesha wanawake mzigo na ina mengi ya kuulizwa. Lakini tazama wale wengine waliokuwa sebuleni. Mama mkwe alikuwa anakunywa soda. Mume alisema "jamani, tulieni". Baba mwenyewe alijibu kwa kufoka tu kama mtu aliyekosewa bei. Hakuna aliyeshtuka. Mwandishi anayejua kwamba kitu kinavunjwa hutuonyesha watu wakikisikia kinavunjika. Pale lilibaki jina la Mwaka-fulani limebandikwa kwenye mlango wa nyumba ambayo ingeweza kuwa ya mtu yeyote.

Kosa hilo si la fedha. Lingerekebishwa kwa simu moja kwa mama mkubwa wa mtu yeyote kutoka Tukuyu, na wala lisingehitaji kumleta fundi wa taa Rungwe. Hata woga wa ukabila haulitetei, kwa sababu mwandishi alishataja kabila. Alipolitaja akaacha kuuliza. Mtu wa Tanga angeelewa vizuri sana mwanamke anayejificha nyuma ya migomba akisikia kikohozi cha mzee. Hofu haihitaji tafsiri.

Tulimwuliza yule mama kwake ilikuwaje. Alisema aliolewa Rungwe, na baba mkwe wake alikuwa mtu mwema, akikaribia nyumba anakohoa mapema ili kumpa nafasi. Siku moja kikohozi kilichelewa. Aliiacha ndoo ya maji njiani akaingia migombani, na mzee alipofika aliizunguka ile ndoo, akapita bila kugeuza shingo. Jioni alimkuta mtoto ametumwa amletee ile ndoo, ikiwa bado imejaa. Tena kulikuwa na jambo la jina, akasema. Mkamwana halitamki jina la baba mkwe, wala neno linalofanana nalo, na jina la mzee wake lilikaribiana na la chombo kimoja cha jikoni, kwa hiyo kwa miaka yote ya ndoa yake alikiita chombo kile kwa neno jingine.

Msusi akamwuliza ni chombo gani. Mama akatikisa kichwa. Mzee amekufa siku nyingi, akasema, lakini yeye bado ni mkamwana wake. Nilipogeuka, yule kijana alikuwa ameshapunguza sauti ya runinga.