Tasnifu ya mwaka wa nne: ibaki au ifutwe?

Kila wanafunzi wa lugha wa mwaka wa nne wanapokaribia kumaliza, swali lile lile huzuka: mradi wa utafiti, yaani tasnifu, uendelee kuwa lazima, au nafasi yake ichukuliwe na kozi mbili za darasani zenye mtihani? Nazungumzia ile kazi ndefu ambayo mwanafunzi wa Kifaransa, Kijerumani, Kiarabu au Kiswahili hujichagulia mada, hujitafutia data na kuiandika kwa miezi kadhaa chini ya msimamizi mmoja. Katika vyuo vingi vya Uingereza huwa na maneno kati ya 8,000 na 12,000, na baadhi yavyo vimeifanya kuwa hiari. Hapa Mombasa nawasikia wanaotaka ifutwe, na si wavivu hata kidogo. Mimi nataka ibaki. Lakini hoja zao hazipuuziki.

Tuanze na umilisi wa lugha. Kifaransa, Kijerumani na Kiarabu hutahiniwa katika KCSE, mtihani wa mwisho wa sekondari nchini Kenya, ila si kila shule inayafundisha, na wako wanaoanza Kifaransa chuoni kabisa. Mtu aliyejifunza kusalimia mwaka wa kwanza anatakiwa mwaka wa nne achambue riwaya nzima kwa lugha hiyo hiyo. Matokeo yake yanajulikana: anawaza kwa Kiswahili au Kiingereza, anatafsiri kwa simu, na msimamizi wake anamaliza kalamu nyekundu kwenye sarufi bila hata kuigusa hoja. Msimamizi huyo naye ana wanafunzi wengine wanaomsubiri mlangoni. Sura ya kwanza ikikaa mezani kwake mwezi mzima, ya pili itaandikwa kwa kubahatisha.

Halafu kuna riziki. Mji huu na ukanda wake wote unategemea wageni kwa kiasi kikubwa. Diani Kijerumani ni mtaji, Malindi na Watamu Kiitaliano kinasikika hadi sokoni. Hoteli inamtaka mtu wa kumpokea mgeni, kumjibu barua pepe na kumtuliza akikuta chumba hakiko tayari. Meneja haulizi tasnifu ilihusu nini. Mzazi aliyekopa ili alipe karo ana haki ya kuuliza kwa nini muhula mzima uende kwenye kazi itakayosomwa na watu wawili kisha iwekwe rafuni.

Hoja inayoniuma zaidi ni ya udanganyifu. Biashara ya kuwaandikia watu kazi za chuo imeshamiri nchini, na wateja wake wengi ni wanafunzi wa ng'ambo. Ni ajabu gani basi mwanafunzi wa hapa akinunua sura mbili tatu? Tangu ChatGPT, programu ya kompyuta inayojiandikia yenyewe, itoke mwishoni mwa 2022 hata kununua hakuna haja. Ukiomba mada ya "nafasi ya mwanamke katika fasihi ya Kifaransa" utapewa kurasa ishirini safi kwa muda wa kunywa kikombe cha chai. Wanaotaka ifutwe wanauliza: tunatoa alama kwa kazi ya nani?

Nakubaliana nao kuhusu ugonjwa. Dawa ndiyo inayotutenganisha. Mada ya aina hiyo ilikuwa mbovu kabla ya kompyuta kuja. Ni pana mno, haina swali, na majibu yake yamekwisha kuandikwa mara elfu. Mwanafunzi aliyekabidhiwa mada kama hiyo hakuwahi kufanya utafiti. Alikuwa akikusanya maneno ya watu na kuyapanga upya, na hiyo ndiyo kazi ambayo mashine inaiweza vizuri kuliko yeye.

Sasa chukua mfano mwingine, uone tofauti. Ngome ya Yesu, Fort Jesus, hapa Mombasa, ilijengwa na Wareno kati ya 1593 na 1596. Waomani waliizingira kuanzia Machi 1696 na kuitwaa Desemba 1698, na ndani yake walikuwamo Waswahili waliopigana upande wa Wareno. Kuanzia 1895 Waingereza waliifanya jela hadi miaka ya 1950, kisha ikawa makumbusho. Kila siku waongozaji wa wageni wanasimama mbele ya ukuta ule ule na kuusimulia mzingiro huo kwa Kiingereza, Kifaransa, Kijerumani, na kwa Kiswahili darasa la watoto likija na mwalimu wao. Je, ni hadithi moja? Kwa watoto, anayeitwa "sisi" ni nani, na anayeitwa "wao" ni nani? Wageni Wafaransa wanaambiwa kuhusu Waswahili waliokuwa ndani ya ngome, au hapo simulizi inarukwa? Jela ya Waingereza inapewa dakika ngapi mbele ya kundi la Waingereza?

Mwanafunzi wa Kifaransa anayelibeba swali hilo anahitaji kibali cha Makumbusho ya Kitaifa ya Kenya, ridhaa ya mwongozaji kabla ya kuwasha kinasa sauti, na kundi moja la Kifaransa na moja la Kiswahili siku ambazo mwongozaji ni yule yule. Akishapata rekodi, kazi ngumu ndiyo inaanza. Saa moja ya mazungumzo humla saa nyingi kuiandika, kwa sababu kila kusita, kila kicheko, kila swali la mgeni linawekwa mahali pake. Hapo ndipo atakapogundua kwamba masikio yake hayajazoea Kifaransa cha mtu anayezungumza haraka juani. Atairudia sentensi hata mara kumi. Atamwendea mwalimu na swali la kweli la sarufi, kwa kuwa safari hii analihitaji jibu. Katika kozi gani ya darasani mwanafunzi huisikiliza lugha kwa makini namna hiyo? Mimi sijaiona.

Na tazama tena hoja ya ajira. Kijana aliyemaliza kazi hiyo anajua wageni huuliza nini, huchoshwa na nini, na simulizi hubadilika vipi hadhira ikibadilika. Hoteli au kampuni ya utalii itafaidika naye zaidi kuliko mwenye kozi mbili za ziada. Kuhusu udanganyifu, mashine haikuwapo pale ukutani, kwa hiyo haina rekodi hiyo. Mtahini akiomba kusikia dakika ya kumi na mbili ya sauti na kuuliza kwa nini mwongozaji alinyamaza hapo, ataijua kazi ni ya nani.

Wanaosoma Kiarabu wana hazina ambayo wengi hawaijui. Tungo za Muyaka bin Haji, mshairi wa Mvita, yaani Mombasa, aliyefariki 1840, zilihifadhiwa kwa juhudi za Mwalimu Sikujua, mwenyeji wa mji huu, akishirikiana na mmishonari William Taylor. Ziliandikwa kwa hati za Kiarabu, na karatasi za Taylor leo ziko London, katika chuo cha SOAS. William Hichens alizichapisha 1940 kwa hati za Kirumi. Irabu za Kiswahili ni tano, ilhali alama za irabu katika hati ya Kiarabu ni tatu, kwa hiyo kila aliyezihamisha tungo hizo alilazimika kuamua. Mwanafunzi wa Kiswahili kwa kawaida hasomi hati hizo. Wa Kiarabu anazisoma. Beti chache tu, zikilinganishwa mstari kwa mstari, zinatosha tasnifu nzima. Ugumu upo: kuzipata nakala za hati kunataka barua na subira, na idara isiyomsaidia mwanafunzi kuandika barua hiyo imemwacha mkono.

Upo mvutano mwingine, kuhusu lugha ya kuandikia. Walimu wengi wa Kifaransa wanashikilia kwamba tasnifu ya Kifaransa iandikwe kwa Kifaransa. Nawaelewa, maana lugha isiyoandikwa hudumaa. Lakini hoja inayovuka uwezo wa lugha ya mwandishi hupunguzwa hadi ikawa ya mtoto, na mwishowe hupati hoja wala Kifaransa kizuri. Ningependa uchambuzi uandikwe kwa lugha ambayo mwanafunzi anafikiri nayo, Kiswahili kikiwamo, na data ibaki katika Kifaransa chake. Utetezi wa mdomo ufanywe kwa Kifaransa, robo saa, bila karatasi mkononi. Inasikitisha kwamba katika mji huu, wenye ushairi wa Kiswahili wa miaka mamia, bado tunajadili kama Kiswahili kinafaa kuchambulia lugha nyingine.

Kwa yule ambaye moyo wake uko kwenye kazi ya vitendo, njia ya pili ipo, nami naiunga mkono: tafsiri yenye maelezo. Achague maandishi ambayo bado hayajatafsiriwa, tuseme vibandiko vya makumbusho, kanuni za usalama za hoteli au kijitabu cha hospitali kwa wagonjwa wa kigeni, ayatafsiri, kisha aeleze kwa kurasa kadhaa kila pahali alipokwama na kwa nini alichagua alivyochagua. Alama za maelezo ziwe nusu au zaidi. Mada ipitishwe mwaka wa tatu, kabla ya likizo ndefu, ili mwanafunzi aende kukusanya data akiwa na muda, na msimamizi mmoja asipewe wanafunzi zaidi ya anaoweza kuwaona kila wiki mbili. Chuo kisichoweza kutimiza sharti hilo la mwisho kiifanye tasnifu kuwa hiari kwa sasa, na kiwaeleze wanafunzi wazi kwamba sababu ni upungufu wa walimu.