Kutoka Kabla ya Kipenga cha Mwisho

Timu ya nyumbani ikiwa nyuma mabao mawili dakika ya 80 pale uwanja wa Mamboleo, Kisumu, majukwaa huanza kupwaya. Wanaobaki huwaita wanaotoka mashabiki wa ushindi. Wanaotoka hujibu kwamba tiketi ni yao na safari ni yao.

Jibu hilo lina hesabu ndani yake. Mechi ikianza saa kumi alasiri, weka mapumziko ya dakika 15 na muda wa nyongeza, itaisha karibu saa kumi na mbili. Jua la Kisumu halifiki saa moja usiku. Aliyetoka Kakamega ana kilomita 50 hivi za kurudi, kupitia Kiboswa, Majengo, Mbale na Chavakali. Umati ukimwagika barabarani kwa mkupuo, nauli hupanda na aliye na mtoto mgongoni husukumwa nyuma ya foleni. Mtu huyo ametumia siku nzima kwa ajili ya timu. Kumwita msaliti kwa dakika 10 ni kumwonea.

Lakini dakika za lala salama si mabaki ya mchezo. Mabeki wamechoka, walioingia kutoka benchi wana miguu mibichi, na timu inayofungwa haina tena cha kulinda. Muda wa nyongeza unaoonyeshwa kwenye ubao ni kiwango cha chini. Kwa mujibu wa sheria ya 7 ya soka, mwamuzi anaweza kuuongeza, hawezi kuupunguza. Tarehe 13 Mei 2012, Manchester City walikuwa nyuma 2-1 dhidi ya QPR dakika 90 zilipotimia. Džeko akasawazisha, Agüero akamaliza, na ubingwa wa ligi ya England uliosubiriwa miaka 44 ukapatikana.

Tena kelele za jukwaani zina uzito. Ligi za Ulaya zilipochezwa bila mashabiki mwaka 2020, watafiti waliona timu ngeni zikionyeshwa kadi chache kuliko kawaida. Kwa hiyo anayetoka timu ikizidiwa huipunguzia nguvu saa ile ile inapoihitaji. Hapo ndipo ninapowatenga watu wawili hawa, mwenye safari na anayekimbia matokeo. Swali ni moja: ungetoka dakika hiyo hiyo kama timu ingekuwa inaongoza? Wa Kakamega angetoka. Anayekimbia matokeo angebaki akiimba.

Kuna na suala la usalama, ambalo mabishano haya hulisahau. Kwenye uwanja wa Ibrox, Glasgow, tarehe 2 Januari 1971, watu 66 walikufa kwenye ngazi mechi ilipoisha. Kwa miaka mingi ilisimuliwa kwamba waliotoka mapema waligeuka nyuma waliposikia shangwe za bao la kusawazisha. Uchunguzi ulikuta wote walikuwa wakielekea upande mmoja. Hatari ilikuwa ule msongamano wa kushuka kwa pamoja, kwa hiyo wanaotoka kidogo kidogo hawaharibu kitu.

Mwenye safari ndefu achukue kiti cha mwisho wa safu, karibu na lango, na apatane na bodaboda nauli ya kurudi kabla mechi haijaanza. Asisimame kwenye ngazi kutazama dakika za mwisho. Akizuia njia, wa nyuma yake hawana pa kupita. Waandaaji nao wakianzisha mechi saa tisa, watu watakuwa barabarani kabla ya saa kumi na moja u nusu, kukiwa bado kweupe.