Picha ya ukurasa wa jiokeshi ni ya yule aliyesimama juani

Saa saba mchana, jua la kaskazi, pale Lighthouse, Mombasa. Nilikuwa nimekaa chini ya mbuyu na mihogo yangu ya kukaanga, nikimtazama mgeni mmoja aliyesimama karibu na ukingo wa jabali. Mkono mmoja dafu, mkono mwingine simu. Alikuwa akingoja picha ifunguke, na ukurasa aliokuwa akiufungua ulikuwa wangu wa jiokeshi, mchezo wa kutafuta mahali au kitu kilichofichwa kwa kuongozwa na simu. Picha nilikuwa nimeipakia vilevile ilivyotoka kwenye simu, megabaiti karibu tano. Alingoja, akaiinua simu juu kutafuta mtandao, akangoja tena, kisha akaitia mfukoni na kwenda zake. Jabali nililotaka alione lilikuwa hatua ishirini mbele yake.

Tangu siku hiyo nina msimamo mkali kuhusu picha za kurasa za jiokeshi.

Kwa asiyeujua mchezo wenyewe: tarehe 2 Mei 2000 serikali ya Marekani iliacha kuuvuruga makusudi, kwa watumiaji wa kawaida, mtambo wa GPS, ule wa setilaiti unaokuonyesha ulipo duniani, na ghafla kifaa cha mkononi kikaweza kukuonyesha ulipo kwa tofauti ya mita chache tu. Siku iliyofuata, Dave Ulmer aliificha ndoo karibu na Portland, Oregon, akatangaza majiranukta yake, yaani namba zinazotaja mahali hasa ilipo, mtandaoni ili watu waitafute. Hapo ndipo mchezo ulipoanzia. Tangu 2004 kuna aina iitwayo EarthCache, ambayo haina kopo lolote lililofichwa. Mgeni anafika mahali, anasoma maelezo, anaitazama ardhi, kisha anamtumia mwenye ukurasa majibu ya maswali. Yangu ni ya aina hiyo. Majabali ya Mama Ngina, hapo hapo Lighthouse, ni matumbawe ya kale, yaliyokuwa hai chini ya maji zaidi ya miaka laki moja iliyopita. Ngome ya Fort Jesus, ambayo Wareno walianza kuijenga 1593, imesimama juu ya mwamba wa namna hiyohiyo. Mtu anaweza kukaa hapo miaka na miaka akila achari, asijue kwamba amekalia bustani ya bahari.

Kwa hiyo picha ina kazi. Inalifundisha jicho litafute nini. Ukimwambia mgeni "tafuta visukuku vya matumbawe", yaani mabaki yake yaliyogeuka jiwe, ataona jiwe la kijivu lenye matundu. Ukimwonyesha kipande kimoja chenye mistari inayopindapinda kama ubongo, kimewekwa kando ya sarafu ya shilingi ishirini apate kukadiria ukubwa, akigeuka ataviona kumi peke yake.

Ila hapo hapo pana mtego, na mimi nilinasa humo. Swali langu la kwanza lilimtaka mgeni apime upana wa tumbawe moja lililo usawa wa kifua. Picha yangu ilimwonyesha tumbawe hilohilo, na rula imelazwa juu yake. Majibu yakaja sahihi kabisa, hadi sentimita ya mwisho, nami nikafurahi, mpaka nilipogundua kwamba jibu lilikuwa linasomeka kwenye picha. Mtu angeweza kulijibu akiwa kitandani kwake popote duniani. Nikaiondoa usiku uleule. Sasa picha ni ya kipande kingine, kilichoko mbali kidogo na pale pa swali.

Kuiweka picha yenyewe ndani ya maelezo si kazi ngumu, na inanisikitisha kuona watu wazima, wenye maarifa ya kila namna, wakiogopa neno HTML, ambalo ni alama tu za kuupanga ukurasa wa tovuti. Kwanza ipakie picha kwenye ukurasa wako wa jiokeshi, pale pa kuongeza picha. Ifungue ikiwa peke yake, nakili anwani yake. Rudi kwenye maelezo, ingia upande wa kuandika HTML, halafu pale unapotaka picha ikae, andika:

<img src="anwani ya picha hapa" width="500" alt="Tumbawe la kale lenye mistari kama ubongo, kando ya sarafu">

Basi. Tagi hiyo ya img, yaani alama ya kuita picha, ilipendekezwa na Marc Andreessen, mmoja wa waundaji wa kivinjari cha Mosaic, mwaka 1993 na mpaka leo inafanya kazi ileile. Usiandike urefu, andika upana tu, na kivinjari kitakadiria kilichobaki bila kuivuta picha. Ukitaka maneno yaanze mstari mpya chini yake, ongeza <br>.

Kuna kosa moja limewatesa wengi ninaowasaidia. Mtu anaandikiwa mstari huo kwenye Word, anaunakili, anaubandika, na picha haitokei. Anarudia mara tano. Ukitazama kwa makini, alama za kunukuu zimepinda, moja imeinama kulia na nyingine kushoto, kwa sababu programu ya kuandikia imezipamba yenyewe. HTML inataka zile zilizonyooka. Zifute, uziandike upya palepale kwa mkono, na picha itakuja.

Sasa lile la yule mgeni wa juani. Nilidhani width="500" inaifanya picha kuwa nyepesi. Sivyo. Inapunguza inavyoonekana tu. Simu bado inaivuta picha nzima, megabaiti zote tano, halafu ndipo inaionyesha ndogo. Bando limekwisha na jua limemchoma mtu, kwa picha ya upana wa vidole vitatu. Dawa ni kuipunguza kabla ya kuipakia. Upana wa pikseli 800 unatosha kabisa, na mara nyingi uzito unashuka chini ya kilobaiti mia mbili. Zipo programu za simu za kufanya hivyo kwa dakika moja.

Naomba pia watu waache kuegesha picha kwenye tovuti za watu wengine halafu wakaziita kutoka huko. Mwaka 2017 Photobucket, tovuti ya kuhifadhi picha, ilibadili masharti yake, ikataka dola 399 kwa mwaka kutoka kwa waliotaka picha zao ziendelee kuonekana kwenye tovuti nyingine, na picha zisizo na idadi zikatoweka kwenye kurasa za watu mtandaoni. Jiokeshi inaweza kudumu miaka ishirini. Picha yake ikae nyumba moja nayo.

Na alt, yale maneno ya kuieleza picha kwa asiyeiona, ambayo wengi huiacha wazi, kwangu ndiyo nusu ya kazi. Wako wanaotafuta huku wakisomewa ukurasa na simu kwa sababu hawaoni vizuri. Wako waliohifadhi kurasa hotelini ili wasitumie bando njiani, na picha hazikuhifadhika. Wote hao wanabaki na maneno yako tu. Ukiandika alt="picha" umewanyima. Waandikie kinachoonekana.

Mapambo mimi siyataki. Bendera zinazopepea, picha kubwa nyuma ya maandishi hata herufi hazisomeki, nyota zinazometameta: yote hayo analipia mgeni kwa bando lake na kwa macho yake. Najua wenzangu wanasema ukurasa mtupu hauvutii. Mimi nawajibu kwamba aliyefunga safari mpaka ukingo wa bahari amekwisha kuvutiwa, na anachohitaji ni kusaidiwa aone.

Ukurasa wangu una picha moja tu sasa. Nataka kuongeza ya pili, ya pale chini ambapo mawimbi yamelila jabali mpaka likawa na mdomo uliojitokeza juu, kwa sababu watu wengi hupapita wakidhani ni kivuli. Haionekani vizuri ila maji yakitoka sana. Nangoja bamvua, nishuke asubuhi na sarafu yangu.