Chemchemi ya Kwetu Ina Kamati, ya Huku Ina Kibao

Hapa Pennsylvania, Marekani, ukiacha barabara kuu ukaingia mashambani, hukawii kukuta bomba limechomoza kwenye ukingo wa kilima, maji yanamwagika usiku na mchana. Hakuna mlinzi wala anayelipisha. Watu wanaegesha magari, wanafungua buti na kupanga galoni zao za plastiki, na Jumamosi foleni huwa ndefu. Wengi wao wana mfereji jikoni. Wanayafuata haya kwa sababu ni baridi, hayanuki klorini, na wazazi wao walikunywa papo hapo.

Mtu wa Busia, magharibi mwa Kenya, kama mimi hahitaji kuelezwa raha ya kusimama chemchemini, ukapiga gumzo na mtu usiyemjua huku mtungi ukijaa. Napenda kwenda huko, nami hujaza chupa zangu. Ila maji yale siyanywi kabla ya kuyachemsha, na wenzangu kwenye foleni wanashangaa.

Nina sababu. Wataalamu wa Chuo Kikuu cha Penn State walizipima chemchemi za namna hii, na nyingi zilishindwa kufikia viwango vya maji ya kunywa. Sheria ya maji salama ya Marekani, ya mwaka 1974, inambana anayesambazia umma maji ya bomba, kuanzia kwenye miunganisho 15 au watu 25 kwa siku zisizopungua 60 kwa mwaka. Lakini bomba la kando ya barabara mara nyingi halina mtu anayekubali kwamba ni lake. Basi utakuta kibao kinachosema maji hayajapimwa, biashara imeisha. Juu ya kilima kunaweza kuwa na malisho ya ng'ombe au shimo la choo la nyumba ya mtu, na anayekinga maji chini hana habari.

Kwetu hatuna anasa ya kuiacha chemchemi ijitunze. Huwa iko ndani ya shamba la mtu, lakini mwenye shamba hawezi kumnyima jirani maji wala kumtoza. Akithubutu, kijiji kizima kitamsema. Palipojengwa vizuri, jicho la maji limefunikwa kwa zege, maji yanatoka kwenye bomba badala ya kuchotwa dimbwini, na juu yake umechimbwa mtaro wa kukinga maji ya mvua yasiingie na uchafu. Kuna kamati, na siku ya kusafisha kila nyumba hutoa mtu.

Kazi hiyo ina faida iliyopimwa. Michael Kremer, aliyeshinda Nobel ya uchumi mwaka 2019, na wenzake walifuatilia takriban chemchemi 200 magharibi mwa Kenya. Matokeo yalichapishwa 2011: chemchemi ikijengewa, uchafuzi wa kinyesi kwenye maji yake hupungua kwa asilimia 66, na kuhara kwa watoto kwa robo. Hata hivyo, maji yakifika nyumbani nafuu hiyo inashuka hadi asilimia 24 hivi, kwa sababu mtungi ni mchafu au kikombe kimetumbukizwa na mkono ndani. Ndiyo maana chemchemi nyingi za kwetu zimewekewa tangi dogo la klorini kwenye nguzo: unazungusha valvu, dozi moja inaingia mtungini, kisha unateka lita zako 20. Dawa hiyo pia ni ya bure. Bado sijaona kitu kama hicho huku.

Sisemi kwetu kumetosha. Katiba ya 2010, kifungu cha 43, inampa kila Mkenya haki ya maji safi na salama ya kutosha, na msichana anayepanda mlima na mtungi kichwani kabla ya kwenda shule hajaiona haki hiyo. Mfereji nyumbani ni bora, nami nautaka kwa kila mtu.

Ila tunapochanga huku ughaibuni, mazungumzo huanzia kwenye kisima cha kuchimbwa na pampu ya sola, kitu cha kupiga picha. Chemchemi inayonywesha watu leo haitajwi. Pampu ikiharibika, watu watarudi kule kule, wakute zege limepasuka na ng'ombe wanakanyaga jicho la maji. Kwa hiyo kabla ya mchango ujao, naomba tumpigie simu mwenyekiti wa kamati tumuulize mambo matatu: bomba liko vipi, mtaro umezibuliwa, na lile tangi la klorini lilijazwa lini?